Nyumba ya Glasi Tatu

Asubuhi hiyo pazia la sebuleni lilikuwa linaburuza chini. Si sana, upana wa vidole viwili hivi, lakini mwenye pazia alikuwa fundi wa mapazia, na tangu aanze kazi hakuwahi kukata pazia likaburuza. Alipiga magoti, akatoa futi shingoni, akalipima pazia kutoka ndoano hadi pindo. Urefu ulikuwa ule ule alioukata. Kisha akapima kutoka ndoano hadi sakafuni, na hapo ndipo palipopungua. Dari ilikuwa imeshuka, na dirisha limeshuka nayo. Akatia uzi kwenye sindano, akalipandisha pindo, akaukata uzi kwa meno na kwenda zake kazini, maana kuna mteja alikuwa anamngoja.

Mtaani walimwita Fundi. Mumewe peke yake ndiye aliyemwita Mama Watoto, ingawa mtoto walikuwa naye mmoja tu, binti, ambaye alikuwa ameolewa mji mwingine. Mume mwenyewe alijulikana kama Mzee Viti. Alikodisha viti vya plastiki na maturubai kwa wenye harusi, na mali yote hiyo aliihifadhi nyumbani, viti vimepandana mpaka juu kwenye ukuta mzima wa sebule na kuendelea hadi koridoni. Mtu wa tatu alikuwa Wifi, dada yake Mzee Viti, aliyekuja kukaa wiki moja ili apoze hasira baada ya kukosana na mumewe. Huu ulikuwa mwaka wa nne na hasira bado ilikuwa ya moto. Alilala kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa cha cherehani ya Fundi. Cherehani ilihamishiwa kibandani sokoni, kwa muda tu, walisema.

Sasa, kila harusi huacha chupa zilizonywewa nusu, na wenye shughuli humwambia Mzee Viti, chukua hizo, zisimwagwe. Yeye hakunywa kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Wifi hakunywa kwa sababu aliogopa kunenepa. Kwa hiyo mvinyo wote ulikuwa wa Fundi. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa (na Fundi, usiulize), mumewe alimmiminia kwa mkono wake mwenyewe, glasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akimwambia, "Kunywa, Mama Watoto, upumzishe kichwa." Ungemsikia ungesema lo, huyu mwanamke kapata mume. Hata Fundi alikuwa akisema hivyo hivyo kwa miaka.

Tatizo lilianza mwili wake ulipofika umri ule. Siku zake ziliruka mwezi, zikaruka miwili, kisha zikaondoka moja kwa moja bila kuaga. Badala yake likaja joto. Lilimpanda kutoka kifuani hadi masikioni, popote lilipomkuta, awe kwenye foleni ya maji au katikati ya maneno ya mteja. Akilala, aliamka shuka zimelowa chapachapa. Asubuhi mikono ilitetemeka hata uzi ukawa hauingii kwenye tundu la sindano. Mwisho wa yote aliyashona mapazia ya ofisi ya mwalimu mkuu juu chini, maua yote yakaning'inia vichwa chini, na mwalimu mkuu, mtu wa heshima zake, akayatundika vivyo hivyo na kushukuru. Fundi akawa kila akipita pale shuleni anatazama upande wa pili. Aibu ile ndiyo iliyompeleka zahanati.

Nesi alikuwa mwanamke wa rika lake, naye anajipepea na kipande cha boksi.

"Unakunywa?" alimuuliza.

"Kidogo."

"Hicho kidogo chako kinafika wapi?"

"Glasi tatu. Kila jioni."

"Basi unamwagia moto mafuta, dada yangu. Joto lenyewe hilo huwezi kulifukuza, lina zamu yake. Lakini pombe inalizidisha, usingizi inaukata, na mifupa yetu sisi sasa hivi si ya kuchezea. Punguza. Ila taratibu, usije ukakata kwa mara moja mwili ukashtuka. Anza na hiyo glasi ya tatu."

Fundi akaahidi. Alipokuwa anatoka, nesi akamwita.

"Nyumbani mnaishi wangapi?"

"Watatu."

"Na nyumba inawatosha?"

"Inatosha sana."

"Haya," alisema nesi. "Utaniambia."

Jioni hiyo Fundi aliisukuma glasi ya tatu kando, na mumewe akaurudisha mvinyo kwenye chupa kwa mrija wa kumiminia mafuta ya taa. Kesho yake ndiyo ile asubuhi ya pazia.

Walikaa hivyo kwa siku kadhaa, na hakuna aliyeona tofauti isipokuwa Fundi. Kisha akapunguza tena, glasi ya pili akaiacha nusu. Asubuhi Mzee Viti, mtu mrefu kwelikweli, aligonga paji la uso kwenye fremu ya mlango wa chumbani, mlango alioupita kila siku bila kuinama. Wifi, akitokea bafuni na beseni la nguo, alikwama koridoni katikati ya viti na ukuta, ikabidi Fundi amvute kwa mbele huku amechuchumaa.

"Hii nyumba inasinyaa," alisema Wifi, akijipangusa povu.

Mzee Viti alikuwa anajikanda paji la uso. Alimtazama mkewe.

"Jana uliacha kiasi gani?"

"Glasi na nusu."

"Ahaa," alisema, akaenda kutafuta barafu.

Ili wasije wakamsingizia mtu, walimwita mwashi. Alikuja na kamba na timazi, akapima nje, akapima ndani, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kisha akakaa juu ya kiti kimoja cha plastiki, akaomba maji ya kunywa.

"Nyumba haina kasoro," alisema. "Kwa nje iko vilevile ilivyojengwa. Ni ndani ndiko kulikokuwa kumezidi. Mlikuwa mnaishi kwenye nyumba kubwa kuliko nyumba yenyewe. Sasa inarudi kwenye saizi yake."

"Na itarudi mpaka wapi?" aliuliza Mzee Viti.

"Mpaka iishe kurudi. Mimi nilishaona moja kule ng'ambo ya barabara, ilibakia chumba na ukumbi, na walikuwa wanajua wana vyumba vitatu." Akamaliza maji, akakunja kamba yake. "Kuna mtu ameacha kunywa humu?"

Wote wawili wakamtazama Fundi. Fundi akalitazama pazia, ambalo lilikuwa linaburuza tena.

Kikao kilikaa baada ya chakula. Walikaa magoti yakigusana, maana meza nayo ilikuwa imesogeleana na viti. Wifi ndiye aliyefungua.

"Wifi yangu, hakuna anayekulazimisha. Lakini na sisi tufikirie. Mimi koridoni sipiti tena na beseni. Kaka yangu huyu, samahani, mume wako, ana nundu kichwani. Glasi moja ya ziada inakupunguzia nini? Ni kwa ajili ya familia."

"Inaniwasha moto," alisema Fundi. "Silali. Mikono inatetemeka. Nimemshonea mwalimu mkuu maua vichwa chini."

"Si amesema yamempendeza?"

"Alikuwa ananionea huruma!"

Mzee Viti aliinua mkono kama mwenyekiti. Sauti yake ilikuwa ya upole, na tuseme ukweli, alikuwa mtu mpole.

"Hebu tuone hesabu inakaaje. Glasi tatu, nyumba inakuwa kubwa. Glasi moja na nusu, naumia kichwa. Mbili je? Kwa mbili mimi napita mlangoni wima. Basi tuishie mbili. Kila mtu ameachia kidogo."

"Wewe umeachia nini?" aliuliza Fundi.

Alifikiri kwa dhati. "Nafasi," alisema.

"Vitoe viti nje, basi. Nafasi itapatikana bila mtu kunywa chochote."

Wakacheka wote wawili, kaka na dada, kicheko kile cha mtu aliyesikia mtoto akiuliza kwa nini jua halizimwi. Viti vitoke nje? Vipigwe jua vipauke? Viti ndiyo kazi! Fundi naye akajikuta anatabasamu, mazoea hayo, halafu akaona uchungu wa tabasamu lile mdomoni mwake mwenyewe. Hakubishana tena. Ila jioni iliyofuata alikunywa glasi moja tu, akaifunika kwa kiganja mumewe alipoleta chupa.

Akalala. Jamani, alilala! Joto lilikuja mara moja, likamzunguka, likaondoka lenyewe. Aliamka shuka kavu, kichwa chepesi, na uzi ukaingia kwenye tundu la sindano mara ya kwanza tu alipojaribu. Kibandani alicheka peke yake kwa sauti mpaka muuza vifungo wa jirani akachungulia. Alikwenda shuleni, akamwomba mwalimu mkuu yale mapazia, akayafumua na kuyashona upya, maua yakatazama juu. Hakuwa amefurahi namna hiyo tangu binti yake azaliwe.

Nyumbani, dari ilikuwa imefika kwenye kimo chake yeye, kwa hiyo yeye alipita sawasawa. Mzee Viti alitembea ameinama, mikono mgongoni, na mtaani wakasema amezidi kuwa na adabu. Jirani wa upande wa kulia aliwaazima meza ya chini, kwake waliyapitia mambo hayo zamani. Kila baada ya siku mbili tatu Fundi alipandisha mapindo ya mapazia. Hakuyakata. Fundi wa mapazia hakati kitambaa cha ziada, anakikunja ndani, kwa sababu wateja huhama na madirisha hubadilika, na kitambaa ulichokata hakirudi. Mapindo yakawa manene mpaka sindano ikawa inagoma kupita.

Kilichomtesa sasa hakikuwa joto. Akili ilipotulia, alianza kuona. Aliona kwamba akiingia ndani hakuna anayeinua uso. Aliona kwamba picha yao ya harusi ukutani imefunikwa na viti, zimebakia nywele zake tu zinachungulia juu. Aliona kwamba ile "kwa muda tu" ya cherehani yake hakuna mtu anayeikumbuka tena. Hayo yote yalikuwepo. Alikuwa anayapita kila siku, glasi ya tatu ikiwa imeshika hatamu, akiona nyumba pana na watu wake wazuri. Akakata shauri: ataacha yote, nyumba irudi kabisa kwenye saizi yake, na watu wakishabanwa kikwelikweli, viti vitatoka. Au Wifi atatoka. Kitu kimoja lazima kingetoka.

Jumamosi, jua likiwa halijazama bado, Mzee Viti alimimina ile glasi moja, na Fundi akaichukua na kuimwaga kwenye sinki mbele yao. Kuta zikajisogeza bila fujo, kwa mlio mdogo wa mtu anayejiweka sawa kwenye kochi. Kisha zikasimama, na wote watatu wakajua kwamba hapo ndipo mwisho wake.

Na ikawa kwamba kila kitu kimetosha. Viti vilikaa ukutani barabara, kama vimetengenezewa hapo. Chumba cha Wifi kilimtosha Wifi na masanduku yake. Kitanda kikubwa kilikuwa kimekuwa cha mtu mmoja, na shimo la katikati ya godoro lilikuwa la umbo la Mzee Viti, miguu na yote. Mezani palikuwa na mahali pa watu wawili. Nyuma ya mlango, ndoano mbili. Fundi alizunguka chumba hadi chumba akitafuta pa kujiweka. Alijaribu kusimama sebuleni, mgongo kwenye viti, mikono kifuani, pumzi ameibana. Pale aliweza kukaa, ila mlango wa mbele haukufungika akiwa ndani.

"Mbu wanaingia," alisema Wifi.

Fundi akatoka nje ili mlango ufungwe. Wakaufunga.

Mzee Viti alimtolea kiti kimoja kupitia dirishani, kwa shida, na mto. Baada ya kitambo akatoa mkono tena. Ulikuwa umeshika glasi ya mvinyo, imejaa, imefunikwa kisahani kuzuia nzi. Akaiweka kwenye kizingiti cha mlango, pembeni mwa dirisha.

"Usiku mwema, Mama Watoto. Ukitaka kuingia, ipo hapa."

Hakukuwa na ubaya kwenye sauti ile, na hilo lilimuuma Fundi kuliko kama angetukanwa. Unamgombeza vipi mtu aliyekuletea mto?

Akawa anaishi hapo kizingitini. Upenu wa paa ulimkinga na umande. Usiku ulikuwa na upepo, na joto lilipompanda lilikuta shingo yake imeshapoa, likaondoka. Alilala vizuri akiwa ameketi. Asubuhi aliingia kuwapikia, mlango ukiwa wazi, kisha akaenda kibandani. Majirani walimsalimu, "Umeamkaje hapo nje?" naye akajibu salama. Kila jioni glasi ilikuwepo, mpya, na kisahani chake. Kila asubuhi ilikuwa bado imejaa. Kulala kibandani alishafikiria, lakini soko hufungwa magharibi na mlinzi ana mbwa wawili.

Alikwenda kumwambia nesi.

"Mikono je?" aliuliza nesi.

Fundi akainyoosha. Ilikuwa imetulia kabisa.

"Safi. Na usingizi?"

"Nalala. Nje."

Nesi alitikisa kichwa polepole. Nyuma ya pazia la chumba cha sindano, Fundi aliona godoro limekunjwa, mswaki ndani ya kikombe, na kandambili zimepangwa vizuri. Nesi alimwona anapoangalia.

"Nachukua zamu za wenzangu," alisema. "Wananishukuru sana."

Akabaki binti. Fundi alimpigia simu akiwa kibandani, akamweleza yote.

"Njoo kwangu, mama," alisema binti mara moja. "Njoo hata kesho." Halafu akashusha sauti. "Ila mama, nilitaka kukuuliza. Tangu nimepata mimba sinywi hata tone. Na jikoni kwangu, sijui, napita kwa ubavu. Mwenzangu anasema ni mimi tu nimepanga vyombo vibaya."

Fundi alikaa chini juu ya mitumba ya vitambaa.

"Mapazia yako yakoje?" aliuliza.

"Mapazia? Yanaburuza. Nilitaka nikuletee uyapandishe."

"Nitayapandisha," alisema Fundi. Hakusema tena habari za kwenda.

Mvua ilianza Alhamisi, watu wakiwa bado wanarudi kutoka kazini. Haikuwa mvua ya kutisha, ila ilikuja kwa upande, na upenu haukufua dafu. Kwanza ililowa miguu, kisha magoti, kisha mto. Taa ilikuwa inawaka ndani na alisikia vijiko vinagonga sahani. Akabisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake.

"Baba Watoto," alisema, "vitoe viti. Vile vya ukutani tu."

Vijiko vikanyamaza. "Na mvua hii?" alijibu Mzee Viti kutoka ndani. "Vitachafuka, Mama Watoto. Jumamosi kuna harusi."

"Na mimi?"

"Wewe si una glasi yako hapo? Nimeifunika."

Alijibu kama mtu anayekukumbusha mwavuli wako uko nyuma ya mlango. Fundi alisimama. Maji yalikuwa yanamchuruzika mgongoni, na alilia, kwa nini asilie, hakuna aliyekuwa anamtazama. Kisha akachuchumaa, akaondoa kisahani na kuinua glasi. Akainusa. Alikumbuka sebule pana, na jinsi alivyowapenda wote waliokuwa ndani yake. Akanywa funda moja, akalimeza, na kuishusha glasi chini.

Ndani kulilia mlio mdogo wa mtu anayejisogeza kwenye kochi. Mlango ukafunguka wenyewe. Kati ya viti na ukuta palikuwa pamepatikana nafasi, na Fundi aliipima kwa jicho, jicho ambalo halikosei siku hizi. Ilikuwa nafasi ya mtu mmoja aliyelala ubavu, bila hata upana wa kidole wa kukunja pindo. Kwa funda la pili angepata mahali pa kugeukia. Kwa glasi nzima angepata kitanda. Glasi akaiacha nje kwenye kizingiti, mvua ikawa inaijaza.

Aliingia kwa ubavu, akajilaza kwenye sakafu, pua karibu na miguu ya viti. Wifi alimruka akaenda kuufunga mlango, na mara hii ukafungika vizuri. Upepo ukakatika. Joto likaanza kumpanda Fundi kutoka kifuani, likafika shingoni, likafika masikioni. Alitaka kugeukia upande wa pili, akakuta hakuna upande wa pili.

"Si unaona?" alisema Mzee Viti kutoka kitandani, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Tunatosha."